Eti moyo wa mama uko kulia na nyongo ina mawe?

*"Daktari, shikamoo. Naandika kutoka Dodoma mjini. Mama yangu ana miaka 54, anaishi kijijini huko Chamwino. Kwa muda mrefu anasumbuliwa na maumivu chini ya chembe ya moyo, hasa usiku, na yakimzidi anatapika maji ya njano machungu. Amekuwa akipewa dawa za vidonda vya tumbo, zinatuliza kidogo kisha hali inarudi. Juzi nimemleta mjini, akapigwa ultrasaundi ya tumbo na eksirei ya kifua. Majibu yote ni ya Kiingereza. Mdogo wangu anayeanza chuo cha utabibu ndiye aliyenisomea: kuna hepatomegali, kuna kolelithiasisi ya milimita 14, kuna kolesistitisi, na kuna hidronefrosisi ambayo anasema ni maji kwenye mapafu. Kwenye filamu ya eksirei tukaona moyo uko upande wa kulia. Foleni ilikuwa ndefu, tukaambiwa tu kwamba nyongo ina mawe na tutapewa rufaa kwa bingwa wa upasuaji. Wazee nyumbani wanasema ni maji ya chumvi ya kisima, na jirani ana dawa ya kusafisha nyongo. Je, mama ana magonjwa manne? Mtu anaweza kuishi bila nyongo? Na mdogo wangu aanzie wapi kuyajua maneno haya? Picha ya karatasi nimeambatanisha."*

Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Nimeisoma karatasi uliyotuma mstari kwa mstari. Mama hana magonjwa manne. Karatasi inataja tatizo moja tu, mawe kwenye mfuko wa nyongo. Hayo maneno mengine matatu yaliyowanyima usingizi yameandikwa ili kusema kwamba hayapo. Rudi uangalie: mbele ya hepatomegali, mbele ya kolesistitisi na mbele ya hidronefrosisi kuna kineno cha Kiingereza cha herufi mbili chenye maana ya "hakuna". Mtu mwenye wasiwasi hukiruka kineno hicho, jicho likatua kwenye lile neno refu la kutisha. Mpimaji anaandika hivyo kwa sababu anatakiwa kutaja alichokitafuta hata kama hakukipata, ili daktari ajue kwamba kimeangaliwa na hakikusahaulika.

Moyo nao uko mahali pake. Msimamishe mama mbele yako mtazamane, kisha umwambie ainue mkono wa kushoto. Utauona uko upande wako wa kulia. Filamu ya kifua husomwa hivyohivyo, kana kwamba mgonjwa amesimama anakutazama, kwa hiyo kushoto kwake ni kulia kwako. Kwenye kona ya filamu huwekwa herufi ya Kiingereza, R kwa kulia au L kwa kushoto, ili msomaji asipotee. Wapo watu wachache sana waliozaliwa na moyo uliogeukia kulia, lakini jambo hilo lisingepita bila kuandikwa kwenye majibu. Na kwenye karatasi yoyote ya hospitali, kulia na kushoto ni kwa mgonjwa, si kwa anayesoma. Mdogo wako alishike hilo kabla ya neno lolote la Kigiriki, maana hata chumba cha upasuaji kinategemea makubaliano hayo.

Sasa tuyafungue hayo maneno. Mengi ya maneno ya kitabibu yametoka kwenye Kigiriki na Kilatini, na mengi ni vipande vilivyounganishwa. Kole ni nyongo, lithi ni jiwe, na mwisho ule wa -asisi au -osisi unaeleza hali. Kolelithiasisi basi ni hali ya kuwa na mawe ya nyongo, haisemi zaidi ya hapo. Sisti ni kifuko. Mwisho wa -itisi unaeleza kiungo kilichovimba kwa kuwaka, yaani kimekuwa chekundu, cha moto na kinauma, hivyo kolesistitisi ni mfuko wa nyongo uliovimba namna hiyo. Kuwaka huko si lazima kuwe na usaha, wala si saratani. Hepato ni ini na megali ni kuwa kubwa. Ini la mama lina ukubwa wa kawaida, na bandama yake ya sentimita 11 pia ni ya kawaida. Kwa mtu anayetoka maeneo yenye malaria au kichocho, viungo hivyo viwili lazima vitazamwe, kwa sababu magonjwa hayo huweza kuvikuza.

Kwenye hidronefrosisi mdogo wako ameteleza mahali ambapo wanafunzi wengi wa mwanzo huteleza. Hidro ni maji, hapo yuko sahihi. Lakini nefro ni figo. Mapafu ni numo, ndiyo maana homa ya mapafu inaitwa numonia. Nefro na numo yanafanana masikioni, basi. Hidronefrosisi ni figo iliyotanuka kwa sababu mkojo umezuiwa kushuka, labda na jiwe au na kitu kinachobana mrija, ukarudi nyuma. Mama hana hali hiyo katika figo yoyote.

Tumebaki na mawe. Mwambie mama alale chali, kisha weka vidole vyako chini ya mbavu zake za kulia, mbele. Hapo juu ndipo ini lilipo, limejificha karibu lote nyuma ya mbavu, na kwa mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Chini ya ini, kwa upande wa mbele, umening'inia mfuko mdogo wenye urefu wa sentimita 7 hadi 10. Huo ndio mfuko wa nyongo. Watu wengi wanadhani nyongo hutengenezwa humo. Hapana, nyongo hutengenezwa na ini, kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Mfuko ni ghala tu. Unachukua mililita 30 hadi 50, unanyonya maji yaliyomo, unaiacha nyongo nzito ikisubiri chakula. Ndiyo maana mama aliambiwa asile tangu usiku kabla ya kipimo: asipokula mfuko unajaa na kuonekana vizuri, akinywa chai ya maziwa unajikamua na mpimaji anabaki na kitu kilichosinyaa.

Kazi ya nyongo ni kuyavunja mafuta ya chakula yawe matone madogo, kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria iliyokaangiwa, ili vimeng'enya vya kongosho viweze kuyashika. Mafuta yanapofika kwenye utumbo mwembamba, ukuta wa utumbo humwaga kwenye damu homoni iitwayo kolesistokinini. Homoni hiyo ikifika kwenye mfuko, mfuko unabana na nyongo inashuka kupitia mrija hadi kwenye utumbo. Sasa weka jiwe humo. Mfuko unapobana, jiwe linasogea na kunasa kwenye shingo yake. Mfuko unazidi kusukuma na hakuna kinachotoka. Hayo ndiyo maumivu ya mama. Hupanda, hukaa palepale kwa nusu saa au saa kadhaa, kisha jiwe linateleza kurudi ndani na maumivu yanaisha, mtu anaamka asubuhi anakwenda shambani kana kwamba hakukuwa na kitu. Muulize kama humpata saa moja au mbili baada ya mlo wenye mafuta, nyama ya kukaanga au karanga nyingi. Nasema muulize kwa sababu si wote wanaofuata mtindo huo, na wengi huamshwa usiku wa manane bila kukumbuka walikula nini.

Sasa utauliza: kama mfuko uko kulia, mbona mama anashika chembe ya moyo? Hapa ndipo wengi hupotea, na waliompa dawa za vidonda vya tumbo hawakuanza vibaya. Ngozi ina mishipa mingi ya fahamu yenye kujua mahali. Ukichomwa mwiba kidoleni, unajua ni kidole gani. Viungo vya ndani haviko hivyo. Tumbo la chakula, mwanzo wa utumbo mwembamba, ini, mfuko wa nyongo na kongosho vyote vilichipuka kwenye sehemu moja ya utumbo wakati mtoto anaumbwa tumboni, na taarifa zake za maumivu huingia kwenye uti wa mgongo karibu mahali pamoja. Ubongo unapokea kelele lakini haujui imetoka kwa nani, unaiweka katikati, chini ya mfupa wa kidari. Kwa hiyo kidonda cha tumbo, jiwe la nyongo, kongosho lililovimba, na wakati mwingine hata moyo wenyewe, vyote huweza kuuma palepale. Tusijione sisi ndio tunaochanganya. Hata Wagiriki wa kale waliuita mdomo wa juu wa tumbo la chakula kardia, jina lilelile walilouita moyo, na wanaanatomia wanaliita hivyo hadi leo.

Kitu kingine cha kumuuliza mama ni bega la kulia, au chini ya fupa la bega hilo kwa nyuma. Wenye mawe ya nyongo mara nyingi huumwa huko wakadhani ni uchovu wa jembe. Kiwambo, msuli ule unaotenganisha kifua na tumbo, hupata mshipa wake wa fahamu kutoka shingoni, karibu na panapotoka mishipa ya ngozi ya bega. Kiwambo kikisumbuliwa kutoka chini, bega ndilo linalolalamika.

Yale maji ya njano machungu ni nyongo kweli, lakini hayamaanishi kwamba kitu kimepasuka au kwamba "nyongo imezidi" na inafaa itapishwe yote. Mtu akitapika tumbo likiwa tupu, kinachobaki kupanda ni nyongo iliyokwisha kuingia kwenye utumbo. Mwenye malaria hutapika hivyo, na mwenye mimba changa vilevile.

Kuhusu maji ya kisima, nawaelewa wazee. Visima vingi vya kwetu vina chumvi kweli, sufuria ya chai inaota ukoko mweupe, na ni rahisi kuona ukoko huo ukijijenga tumboni. Lakini mawe ya nyongo hayatoki kwenye maji tunayokunywa, wala kwenye vijiwe vya mtama usiopepetwa vizuri. Hutokea nyongo yenyewe ikikosa uwiano. Mengi hutokana na lehemu, yaani kolesteroli, iliyozidi ikaganda, mengine na bilirubini, ile rangi inayobaki seli nyekundu za damu zikivunjika. Wanawake huyapata zaidi ya wanaume, hasa baada ya miaka 40 na baada ya uzazi mwingi. Unene huongeza, na kupungua uzito kwa kasi pia huongeza. Zipo familia ambazo yanatembea. Kwa kijana mwenye mawe ya nyongo, mimi nauliza kwanza selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, kwa sababu seli hizo huvunjika mapema na bilirubini inakuwa nyingi, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo. Wazee wana hoja kwenye figo: mtu anayeshinda juani Dodoma bila kunywa maji ya kutosha anajitafutia mawe ya figo. Ila mawe ya figo na mawe ya nyongo hayajuani. Moja linaishi kwenye njia ya mkojo, jingine kwenye njia ya nyongo.

Dawa ya jirani nakuomba uiache. Nyingi ya hizo ni mafuta mengi na maji ya limau, pengine na chumvi ya kuharisha. Mgonjwa hunywa usiku, asubuhi anaharisha madonge ya kijani laini, anaambiwa hayo ndiyo mawe. Madonge hayo ni mafuta aliyokunywa, yamegeuka aina ya sabuni njiani. Tumia namba za karatasi yako mwenyewe: jiwe kubwa la mama lina milimita 14, na mrija mkuu wa nyongo una upana wa milimita 4. Halipiti. Madogo ndiyo yanayoweza kupita, na hayo ndiyo ninayoyahofia zaidi, maana yakishuka huziba mrija mkuu au kugusa njia ya kongosho, na hapo mgonjwa wa nje anageuka mgonjwa wa kulazwa. Kumnywesha mafuta mtu mwenye mawe ni kuuamuru mfuko ubane kwa nguvu zake zote. Sioni faida ya kucheza bahati nasibu hiyo.

Njia zilizopo ni tatu. Kama mawe yangeonekana kwa bahati tu na mama hana maumivu, ningesema yaachwe, maana watu wengi wanaishi nayo hadi uzeeni bila kusumbuliwa. Mama hayuko kwenye kundi hilo. Mawe yakishaanza kuuma, kwa kawaida huuma tena. Njia ya pili ni vidonge vya asidi ya ursodeoksikoliki, vinavyoyeyusha mawe madogo ya lehemu. Humezwa kwa miezi mingi, havifanyi kitu kwa mawe yenye chokaa, na mara nyingi mawe hurudi dawa ikiachwa. Kwa jiwe la milimita 14 sitegemei makubwa. Njia ya tatu ni kuuondoa mfuko wote pamoja na mawe yake. Kutoa mawe na kuuacha mfuko hakusaidii, utatengeneza mengine.

Upasuaji huo hufanywa kwa matundu madogo na kamera, au kwa kupasua chini ya mbavu za kulia. Wa matundu una maumivu kidogo na wengi hurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili. Wa kupasua unahitaji siku zaidi wodini na wiki kadhaa za kutobeba ndoo, lakini nao ni upasuaji mzuri ukifanywa na mkono uliozoea. Hatari zipo: kutoka damu, kidonda kupata vijidudu, matatizo ya nusu kaputi, na kuumizwa kwa mrija mkuu wa nyongo, jambo linalotokea kwa chini ya mgonjwa 1 kati ya 100 lakini likitokea ni zito. Mwulize bingwa waziwazi atatumia njia gani na kwa nini. Na mwulize jambo moja ambalo wengi hulisahau: je, mama anahitaji pia kipimo cha kamera ya tumbo? Kuwa na mawe hakumkingi mtu na vidonda vya tumbo. Yanaweza kuwepo yote mawili, na mfuko ukiondolewa maumivu ya kidonda yatabaki palepale, nanyi mtasema upasuaji umeshindwa.

Na ndiyo, mtu anaishi vizuri bila mfuko wa nyongo. Ini litaendelea kutengeneza nyongo kama kawaida, itatiririka moja kwa moja hadi kwenye utumbo bila kupita ghalani. Baadhi huharisha kidogo wiki za mwanzo, hasa wakila mafuta mengi kwa mkupuo, kisha mwili unazoea. Ugali wa uwele na mlenda ataendelea kula, na nyama pia.

Wakati mnasubiri rufaa apunguze vya kukaangwa na nyama ya mafuta, na mafuta ya alizeti yawe kijiko, si kibaba. Asijinyime kula kabisa. Kukaa na njaa muda mrefu huiacha nyongo imetuama mfukoni. Dawa za maumivu asinunue kiholela dukani, hasa kama kidonda cha tumbo bado hakijaondolewa kwenye mashaka, kwa sababu baadhi yake hukichimba.

Sasa yale ya kutosubiri tarehe ya rufaa. Maumivu yakikaa zaidi ya saa tano au sita bila kuachia, akipata homa na kutetemeka, macho yakawa ya njano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi huku choo kikipauka, akitapika hata maji hayakai, au maumivu yakipenya hadi mgongoni, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Anzeni hospitali ya wilaya ikiwa ndiyo ya karibu, msipoteze saa kumtafutia gari la kumfikisha mjini bila huduma. Maumivu ya kifua yanayobana, yakishuka mkononi au kupanda taya, pamoja na jasho jembamba, ni ya kutiliwa shaka moyo hata kwa mtu mwenye mawe ya nyongo. Hapo msiseme "ni yale yake ya siku zote".

Mdogo wako asianze kwa kukariri orodha ndefu. Achukue vipande ambavyo tayari vina uso wa mama yake: hepato, nefro, kole, lithi, -itisi, -megali. Aongeze gastro kwa tumbo la chakula, kardio kwa moyo, spleno kwa bandama, hemo kwa damu. Kila neno jipya alivunje kuanzia mwishoni, maana mwisho ndio unaosema kilichotokea na mwanzo unasema wapi. Kisha aweke mkono kwenye mwili, wake au wa rafiki, aonyeshe mahali hapo. Anayejua hepato kwa daftari tu atakuja kulitafuta ini kushoto mbele ya mgonjwa. Yapo maneno mawili yatakayomdanganya mapema. Akyuti haimaanishi ugonjwa mkali kuliko mwingine, ni ule ulioanza karibuni. Kroniki haimaanishi hautibiki, ni ule wa muda mrefu.

Siku ya kwenda kwa bingwa mchukue karatasi hii, filamu, makopo ya dawa alizowahi kumeza na kadi ya bima, na muulize mapema dirishani bima yenu inalipia njia ipi. Kabla ya upasuaji mama atapewa fomu ya ridhaa asaini, na neno litakalokuwa limeandikwa humo ni kolesistektomi. Mwacheni mdogo wako alivunje yeye mbele ya mama. Vipande viwili vya kwanza anavijua, na -ektomi ni kukata na kutoa.